Mchoro kama Hoja: Uhakiki wa Maandishi ya Nyquist na Bode juu ya Uthabiti wa Mifumo ya Mrejesho

Kila aliyepata kuhudhuria mkutano mkubwa, au ibada katika msikiti au kanisa lenye vipaza sauti, amepata kusikia mlio mkali utokao ghafula bila mtu yeyote kusema neno. Sauti imetoka katika spika, ikaingia tena katika maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka tena. Na fundi hukimbilia kupunguza ukuzo kabla watu hawajaziba masikio. Mafundi wa simu wa Marekani, miaka mia moja iliyopita, waliliita jambo hilo kuimba. Mitambo yao iliimba pale isipotakiwa kuimba, na kutokana na adha hiyo yalizaliwa maandishi machache ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa elimu ya udhibiti: makala ya Harry Nyquist ya mwaka 1932, iliyohusu nadharia ya kile kilichoitwa wakati ule uzalishaji upya wa mawimbi, na kitabu cha Hendrik Bode cha mwaka 1945, juu ya uchanganuzi wa saketi na uundaji wa amplifaya zenye mrejesho.

Maandishi hayo yamekwisha kupimwa mara nyingi na wahandisi kwa upande wa hesabu zake. Yafaa yatazamwe pia kwa upande wa lugha: namna hoja ilivyojengwa, kazi ya mchoro ndani ya hoja hiyo, na uzito wa maneno yaliyochaguliwa. Wala kazi hii si ya starehe. Siku mwanafunzi atakapofundishwa elimu hii kwa Kiswahili, atapokea istilahi zilizokwisha kuamuliwa na wengine. Na istilahi iliyopotoka katika elimu hii haimkosesha mtu alama za mtihani tu, bali yaweza kumfanya aamini kwamba mtambo uko salama hali uko ukingoni.

I. Asili ya tatizo

Tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell, alikuwa ndani ya pantoni akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Hapo ndipo alipochora, juu ya ukurasa wa gazeti, wazo lililokuwa likimtatiza kwa miaka: sehemu ya kile kitokacho katika amplifaya irejeshwe mlangoni ikiwa imegeuzwa alama, ili ipunguze makosa ya amplifaya yenyewe. Haja ilikuwa kubwa. Waya wa simu uliovuka bara ulihitaji amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja iliongeza upotovu wake juu ya ule wa mwenzake. Kwa wazo la Black, mhandisi alitoa sadaka sehemu kubwa ya ukuzo, akapata badala yake usahihi.

Walakini dawa ilikuja na ugonjwa wake. Kila amplifaya huchelewesha mawimbi kidogo, na ucheleweshaji huo hutofautiana kwa kila marudio, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde. Kwa marudio fulani ucheleweshaji hufika nusu mzunguko kamili. Hapo kilichorudishwa ili kipunguze hurudi kikiongeza, na mtambo huanza kuimba. Swali likawa: mtu atajuaje, kabla hajakifunga kitanzi, kama mtambo utaimba au hautaimba?

Jibu la zamani lilikuwepo. James Clerk Maxwell alikwisha kuandika juu ya vidhibiti mwendo vya injini mwaka 1868, na Edward Routh alitoa kanuni yake mwaka 1877. Lakini kanuni hizo zadai kwanza mlinganyo kamili wa mtambo, na amplifaya ya simu ilikuwa na sehemu nyingi mno hata mlinganyo wake ukawa mzigo usiobebeka. Fundi alichoweza kufanya ni kupima: kuingiza wimbi la marudio fulani, kutazama limetoka na ukubwa gani na limechelewa kiasi gani, kisha kurudia kwa marudio mengine. Sifa ya kwanza ya Nyquist ni kwamba aliutaka mtambo utoe ushahidi ule tu ambao mtambo waweza kuutoa.

II. Nyquist na umbo la hoja yake

Nyquist alizaliwa Sweden mwaka 1889, akahamia Marekani mwaka 1907, na kupata shahada ya udaktari katika chuo cha Yale mwaka 1917. Makala yake ni ya mtu asiyependa kupamba. Sehemu kubwa ni hesabu kavu. Kisha, baada ya safari hiyo ndefu, msomaji hukutana na kanuni isiyozidi mistari michache. Kitanzi kikatwe mahali pamoja. Mwitiko wake upimwe kwa marudio yote tangu sifuri hata yale makubwa yasiyo na kikomo. Kila kipimo kitiwe kama nukta katika bapa la namba changamano, umbali wake kutoka kitovu ukionyesha ukuzo, na pembe yake ikionyesha awamu. Nukta hizo zikiunganishwa pamoja na kivuli chake upande wa pili wa mhimili, hupatikana mchoro uliofungika. Kukiwa na nukta moja maalumu iliyo nje ya mchoro, mtambo ni thabiti. Ikiwa imezingirwa, si thabiti.

Uzuri wa kanuni hii wataka kuelezwa, kwa maana hauonekani mara moja. Kabla ya Nyquist, wengi walifikiri hivi: wimbi likizunguka kitanzi na kurudi likiwa katika awamu ileile na kubwa kuliko lilivyoondoka, basi kila mzunguko litazidi kukua mpaka mtambo uvurugike. Fikira hiyo yaonekana kuwa haina kasoro. Hata hivyo ni ya uongo. Nyquist alionyesha kwamba mchoro waweza kuukata mhimili ng'ambo ya nukta ile, kisha ukarudi na kuukata tena, bila ya kuizingira. Na mtambo wa namna hiyo hukaa thabiti. Tena huwa na tabia ya ajabu: ukuzo ukipunguzwa, mtambo ulionyamaza huanza kuimba. Jambo hilo lilipimwa kwa majaribio na Peterson, Kreer na Ware, waliochapisha matokeo yao mwaka 1934, na majaribio yakaiunga mkono kanuni.

Hapa mchoro umefanya kazi ambayo maneno yalishindwa kuifanya. Sentensi isemayo kwamba wimbi huzunguka, hukua, huzunguka tena, ina mfuatano wa wakati ndani yake. Humlazimisha msomaji kufikiri kwamba jambo moja latangulia na jingine lafuata. Mchoro hauna kabla wala baada. Marudio yote yamo mbele ya macho kwa pamoja, na swali si nini kitatokea kwanza bali ni kama nukta imezingirwa. Si mara nyingi katika historia ya elimu ambapo kosa la fikira lilitokana wazi hivyo na muundo wa simulizi, na kusahihishwa kwa kuiacha simulizi kabisa.

Lakini kuna kasoro mbili zipasazo kutajwa. Ya kwanza ni ya alama. Katika makala ya 1932 nukta maalumu ni chanya moja, kwa kuwa Nyquist aliihesabu alama ya mrejesho ndani ya kitanzi. Waandishi wa baadaye waliitoa alama hiyo nje, na nukta ikahamia hasi moja, ambako imebaki katika vitabu vya leo. Mwanafunzi anayesoma asili baada ya kusoma muhtasari hupotea njia asipoambiwa hivyo. Kasoro ya pili ni nzito zaidi, japo si ya Nyquist bali ya wafupishaji wake. Kanuni yake ilisimama juu ya sharti kwamba mtambo wenyewe, kabla ya kitanzi kufungwa, usiwe na tabia ya kulipuka. Sharti hilo huachwa nje mara kwa mara. Kwa ndege ya kivita iliyoundwa makusudi isiweze kujishikilia hewani bila kompyuta, hukumu hugeuka: mchoro wapaswa kuizingira nukta, kwa upande unaotakiwa na mara zinazotakiwa. Mchoro ni uleule. Atakayesoma bila kukumbuka sharti ataita kizima kibovu, na kibovu kizima.

III. Bode na wepesi wa kuona

Bode, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1905, alikuwa mwandishi wa tabia nyingine. Kitabu chake kilitokana na masomo kwa wahandisi wenzake wa maabara, na sauti ya mwalimu yasikika ndani yake. Aliugawa mchoro wa Nyquist kuwa miwili: mmoja wa ukuzo kwa desibeli, mwingine wa awamu kwa nyuzi, yote miwili juu ya kipimo cha logi cha marudio. Kwa njia hiyo kuzidisha kukawa kujumlisha, na mchoro wa mtambo mzima ukajengwa kwa kuweka vipande juu ya vipande, kila kipande kikikaribiana na mistari iliyonyooka. Mhandisi mwenye rula na penseli aliweza kuuona mtambo ambao bado haujaundwa.

Jambo kubwa zaidi ni uhusiano alioueleza mwaka 1940 na kuupanua katika kitabu: kwa mitambo ya kundi fulani, ukuzo na awamu si mambo mawili yaliyo huru. Ukuzo ukishuka desibeli 20 kila marudio yanapozidishwa mara 10, awamu huchelewa nyuzi 90 hivi; ukishuka desibeli 40, huchelewa 180. Kwa hiyo mtu hawezi kuukata ukuzo ghafula apendavyo bila ya kulipa kwa awamu. Hiyo ni mipaka ya maumbile, si uzembe wa fundi.

Mfano mdogo watosha kuonyesha nguvu ya njia hii na hatari yake. Chukua mota igeuzayo antena: msimamo wa antena ni jumla ya mwendo wake, na kuna vichelewesho viwili, kimoja chenye muda maalumu wa sekunde 1 na kingine wa nusu sekunde. Ukuzo wa kitanzi uwekwe 1. Mchoro wa ukuzo hukata mstari wa sifuri desibeli karibu na radiani 0.75 kwa sekunde, na hapo awamu imechelewa nyuzi 147. Zimebaki nyuzi 33 kabla ya 180. Awamu hufika 180 kwenye radiani 1.41 kwa sekunde, na hapo ukuzo ni theluthi ya ule wa hatari, yaani umebaki chini kwa desibeli 9.5. Masalio haya mawili ndiyo ambayo Bode aliyafanya kuwa kipimo cha usalama. Kwa masalio ya awamu peke yake, mtambo ungevumilia kucheleweshwa zaidi kwa robo tatu ya sekunde. Kwa masalio ya ukuzo peke yake, ungevumilia ukuzo kuongezwa mpaka ukaribie mara tatu.

Sasa ukuzo uongezwe mara mbili tu, jambo ambalo kipimo chaliruhusu. Mchoro hukata sifuri desibeli karibu na radiani 1.14 kwa sekunde, na masalio ya awamu hushuka kuwa nyuzi 11. Ongeza ucheleweshaji wa moja ya tano ya sekunde, ambao nao umo ndani ya ruhusa ya mwanzo kwa mbali sana. Mtambo huanza kuimba. Ruhusa mbili, kila moja ya kweli, zimekutana na kuwa maangamizi.

IV. Maneno na mizigo yake

Hapo ndipo suala la istilahi linapokuwa la maana. Masalio hayo kwa Kiingereza yameitwa kwa neno ambalo asili yake ni ukingo, au sehemu nyeupe kandokando ya ukurasa. Mfasiri mvivu ataandika pambizo, na Mswahili atafikiri juu ya daftari. Neno akiba lafaa kuliko hilo. Akiba ni kitu kilichowekwa makusudi kwa ajili ya siku ya shida, na kila msemaji ajua kwamba akiba haiozi. Ndivyo mhandisi anavyoacha nyuzi 33 bila ya kuzitumia ili mtambo uzeekapo, au joto libadilikapo, kuwe na mahali pa kujinusuru. Lakini neno hili nalo lina mtego wake. Mwenye akiba ya mahindi na akiba ya fedha ana akiba mbili zilizo mbali mbali, na kula mahindi hakupunguzi fedha. Akiba ya ukuzo na akiba ya awamu hazikukaa hivyo: ni mifuko miwili iliyoshonewa chini yake tundu moja, na kuchota katika mmoja kwapunguza mwingine. Kamusi itakayotoa istilahi hii bila ya kusema hivyo itakuwa imefasiri neno na kuliacha wazo.

Kuhusu sifa yenyewe inayotafutwa, wapo wapendao utulivu na wapo wapendao uthabiti. Utulivu ni hali ya kutotikisika, kama bahari wakati wa matlai. Mtambo unaotakiwa hapa si huo. Hutikiswa kila dakika na upepo, mzigo na kelele. Kinachotakiwa ni kwamba ukitikiswa urudi. Uthabiti wakaribia zaidi, ingawa katika matumizi ya kawaida huashiria mtu asiyebadili shauri, na mtambo mzuri hubadilika kila mara ili jambo moja lisibadilike. Kwa hiyo uthabiti ukubaliwe, lakini kwa maelezo.

Neno masafa, lililozoeleka katika redio, lina udhaifu mwingine: kwa asili lataja umbali, na katika redio hutumika kwa urefu wa wimbi. Katika elimu ambayo mhimili wake wote ni idadi ya mizunguko kwa sekunde, marudio hayaachi shaka. Awamu nalo limeshikwa na siasa, kwa sababu Mtanzania akilisikia huhesabu marais. Lakini fikira ya zamu na sehemu ya mzunguko ingali ndani yake, na hapana haja ya kulitupa. Mrejesho ndilo lililofaulu kuliko yote. Linyambuliwalo kutoka rejesha husema waziwazi kwamba kuna arejeshaye na kirejeshwacho, wala halisemi kama kirudicho chasaidia au chadhuru. Neno la zamani lililo katika jina la makala ya Nyquist lilikuwa limekwisha kuhukumu, kwa kutaja uzalishaji. Neno la sasa laacha hukumu kwa mchoro.

V. Waliokuja baadaye

Ufupisho wa Bode uliwashinda wengi kwa wepesi wake, na somo likawa mahali pengi ni kusoma namba mbili tu. Marekebisho yalikuja taratibu. Mwaka 1978 John Doyle alichapisha makala fupi juu ya aina mashuhuri ya vidhibiti vilivyotafutwa kwa hesabu za ubora wa juu, akauliza vina akiba gani ya uhakika. Muhtasari wake ulikuwa na maneno matatu tu, yenye maana kwamba hakuna. Kwa ufupi wa kauli na ukubwa wa athari, ni vigumu kupata mfano wake. Baadaye Karl Johan Åström na Richard Murray, katika kitabu chao cha mwaka 2008, walieleza kwa uwazi kipimo kingine: umbali mfupi kuliko wote kati ya mchoro wa Nyquist na nukta ya hasi moja. Namba hiyo moja huona kile ambacho akiba mbili hupitwa nacho, kwa kuwa mchoro waweza kukaa mbali na nukta pale zinapopimwa akiba, na kupita karibu sana mahali palipo katikati. Ni kurudi kwa Nyquist kupitia kwa Bode.

Gunter Stein naye, katika hotuba ya mwaka 1989 iliyochapishwa mwaka 2003, alilichukua tokeo la Bode ambalo halikutiliwa maanani ya kutosha, akalipa sura ya mtu achimbaye mtaro. Kupunguza usumbufu katika marudio fulani ni kuchimba udongo; udongo huo hautoweki, lazima utupwe kwenye marudio mengine. Na mtambo ambao kwa asili haujishikilii huongeza udongo wa kutupwa. Sitiari hii ina sifa ya sitiari njema: humwezesha msomaji kukisia jambo sahihi ambalo hajaambiwa, yaani kwamba asiye na mahali pa kutupa udongo asianze kuchimba.

Miongoni mwa mifano ya Stein imo ndege ya Sweden iitwayo Gripen. Iliangushwa mara mbili na mitikisiko baina ya rubani na mfumo wa udhibiti: mwezi Februari 1989 ikitua Linköping, na tarehe 8 Agosti 1993 juu ya mji wa Stockholm, mbele ya watu wengi. Mara zote mbili rubani alipona. Katika ajali ya pili mabapa ya usukani yalifikia kikomo cha kasi yake. Yakawa yaja nyuma ya amri, na kuchelewa huko ni awamu iliyopotea. Mchoro wa karatasini, uliochorwa kwa mtambo usio na kikomo, haukuwa na namna ya kukionyesha kikomo hicho.

VI. Hukumu

Nyquist aandika kwa ukavu, na mwenye haraka atamwacha. Lakini hakuna alichokisema ambacho kimelazimika kufutwa. Bode aandika kwa ukarimu, na ukarimu wake umewapa wahandisi macho. Kosa si lake kwamba wengi waliridhika na namba mbili wakaacha sura nzima. Mchoro una uwezo wa kusahihisha sentensi, kama ulivyoisahihisha ile hadithi ya wimbi linalozunguka na kukua. Lakini mchoro hausemi masharti yake wenyewe: kama mtambo ulikuwa mzima kabla ya kufungwa kitanzi, kama mabapa yana kikomo, kama akiba mbili zina tundu moja. Hayo husemwa kwa maneno tu. Hivyo atakayeifundisha elimu hii kwa Kiswahili ana kazi mbili, ya kuchora na ya kusema. Naye akichora vizuri na kusema vibaya, mtambo utaimba, na mafundi watakimbilia kupunguza sauti bila ya kujua kwamba huenda ndiko kunakouamsha.